Nusu Saa ya Philemoni

Kioo cha kompyuta kilipogeuka bluu, Pudensiana alikuwa amefika kifungu cha tisa cha katiba ya akina mama wauza maziwa wa Oldonyo Sambu, pale panaposema mwanachama atakayetia maji kwenye maziwa atafukuzwa bila kurudishiwa kiingilio. Maneno yote yakapotea. Mahali pake yakaja maandishi meupe ya Kiingereza kwamba muda umekwisha, mteja aende kaunta akalipe.

Namnyaki, katibu wa kikundi, alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, daftari lenye katiba hiyo kwa mwandiko wa mkono mapajani. Aliyasoma yale maandishi polepole, midomo ikicheza.

"Kaunta iko wapi?" akauliza.

"Hakuna kaunta. Hapa ni nyumbani kwangu."

"Basi ni wewe unayedaiwa."

Pudensiana akaizima mashine kwa kitufe, akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, akaiwasha tena. Kuwaka kwake kulichukua dakika saba. Ikishawaka ilitoa nusu saa nyingine, kisha ikajifunga tena, na chochote ambacho hakijahifadhiwa kikaenda na maji. Ilikuwa Jumanne, na hiyo ilikuwa mara ya tatu tangu asubuhi.

"Mama Nice," akasema Namnyaki, "mashine yako ina mume mkali. Kila nusu saa anaiita nyumbani."

Pudensiana alicheka kwa sababu mteja akifanya utani ni vizuri kucheka. Lakini masikio yalikuwa yanamchoma. Chumba chao cha mbele pale Ngaramtoni, kinachotazama barabara ya Namanga, kilikuwa na kibao kipya kilichoandikwa TUNACHAPA KWA KOMPYUTA, na rangi ya kibao hicho ilikuwa haijatimiza miezi miwili.

"Nakuachia daftari," akasema Namnyaki, akisimama na kujifunga shuka vizuri. "Jumamosi nakuja kuchukua. Jumatatu lazima ifike halmashauri, la sivyo usajili mpaka mwakani. Kuna mzee mmoja pale Sakina ana taipureta, anachapa polepole lakini haifukuzi watu. Nisilazimike kwenda kwake."

"Hutakwenda," akasema Pudensiana.

Mumewe Fanuel alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, amesikia yote. Mteja alipotoka alisema, akitazama sakafu, "Ni ule muda. Philemoni alisema kuna muda, mimi nikadhani ni udhamini."

*

Duka la Philemoni, walikokwenda kesho yake, lilikuwa mjini, si mbali na Mnara wa Saa. Zamani lilikuwa intaneti kafe yenye kompyuta sita. Sasa alikuwa ameingiza kompyuta mpya, zile sita za zamani akaziuza, na upande mmoja wa duka akapanga simu za mkononi ndani ya kabati la vioo. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kidogo, shati limepigwa pasi, na hakuwa mtu wa kelele.

"Shikamoo mzee," alimwambia Fanuel. Pudensiana alipata kichwa kilichoinamishwa kidogo.

Waliambiwa wasubiri. Viti vilikuwa viwili na juu ya vyote kulikuwa na maboksi ya simu, kwa hiyo walisimama. Philemoni alimhudumia mzungu mmoja, kisha dereva wa watalii, kisha akaongea kwenye simu muda mrefu kuhusu mzigo uliokwama Namanga. Baada ya dakika arobaini akawageukia.

"Imeanza kujifunga," akasema Fanuel.

"Ndiyo, mzee. Mwezi wa kwanza niliwapa bure. Sasa mnalipia namba. Elfu thelathini kwa mwezi, nawapa namba, mnaiingiza, mnafanya kazi bila bughudha mpaka mwezi uishe."

"Lakini tulishanunua," akasema Pudensiana. "Laki nne na nusu. Risiti ninayo."

Philemoni akamjibu Fanuel. "Mashine mlinunua. Programu inayoilinda ni yangu, niliinunua Nairobi kwa dola. Sikuiuza."

"Basi njoo uitoe."

"Mama, hii si taipureta, useme unabadilisha utepe. Ukiigusa vibaya mashine nzima inakufa. Watu wanasomea mambo haya." Alisema bila dharau ya wazi, kama daktari anayemwambia mgonjwa asile chumvi. "Mzee, kama elfu thelathini ni mzigo, mimi si mtu mbaya. Nitainunua tena. Laki mbili taslimu. Jumamosi saa nne nakuja na gari. Mtachagua: namba au laki mbili."

Fanuel aliinamisha kichwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa fundi mitambo wa kiwanda, akajua kila mashine kwa mlio wake, mpaka kiwanda kikauzwa kwa mwekezaji na wafanyakazi wakapewa kiinua mgongo na cheti cha shukrani. Kiinua mgongo chote, ukiacha ada ya Nice shuleni, ndicho kilichokuwa kimekaa kwenye ile meza ya chumba cha mbele.

"Jumamosi saa nne," akasema Fanuel.

Pudensiana alimtazama mumewe. Hakuwa mwanamke wa kumkatisha mume mbele ya watu. Alingoja mpaka walipofika nje, wamevuka barabara, wako mbele ya muuza magazeti.

"Umemkubalia nini?"

"Nimekubali aje. Sijakubali kuuza."

"Amekwishaona umeuza. Nimeliona lile tabasamu."

"Sasa unataka nifanye nini, mama Nice? Elfu thelathini unaipata wapi?"

Alikuwa ameshapiga hesabu palepale dukani. Ukurasa mmoja walichapa kwa shilingi mia tano. Zilihitajika kurasa sitini kila mwezi za kumlipa Philemoni, kabla ya wino, kabla ya karatasi, kabla ya umeme, kabla hajala mtu. Na mwezi unaofuata zingine sitini. Na hakuna mwezi ambao angeambiwa basi, sasa ni yako.

"Silipi kodi ya kitu nilichonunua," akasema. "Nyumba ya kupanga nalipa kodi kwa sababu si yangu. Ile ni yangu."

"Ni yetu kwa risiti. Kwa mlango bado ni yake."

"Basi nipe mpaka Jumamosi saa nne."

*

Hanna alikuwa mhazili wa shule moja ya sekondari isiyokuwa mbali na Ngaramtoni. Zamani yeye na Pudensiana waliketi meza mkabala kwenye chumba cha wachapaji cha kiwanda kilekile cha Fanuel. Alhamisi asubuhi, alipomwona mwenzake anaingia na daftari na kalamu nyekundu, akasema, "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nataka kuona mashine iliyo nzima ikoje."

Kompyuta ya shule ilikuwa ya umri uleule na Windows ileile. Hanna alimwonyesha jinsi ya kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja ili kuona programu gani ziko macho. Pudensiana akanakili orodha yote kwa mkono. Kisha wakafungua orodha nyingine, ya programu zinazojiamsha zenyewe mashine inapowashwa, akanakili na hiyo. Hakuelewa nusu ya majina yale. Hilo halikumsumbua. Miaka yote ya kazi alikuwa amechapa barua za wahandisi ambazo hakuelewa nusu yake, na hazikuwahi kuwa na kosa.

Kiwandani hakuna barua iliyotoka chumba cha wachapaji kabla ya kusomewa. Mmoja alishika asili akasoma kwa sauti, herufi kwa herufi penye majina na tarakimu, akitaja kila nukta na kila mkato. Mwingine alishika nakala na kalamu nyekundu. Waliita kusomeana. Bosi hata apige meza ngumi namna gani, karatasi haitoki mpaka isomewe.

"Uzisomee na nani?" akauliza Hanna.

"Na Fanuel."

"Fanuel na Kiingereza?"

"Herufi anazijua."

Kabla hajaondoka, Hanna alimwambia jambo moja zaidi: akiwasha mashine, kabla bendera ya Windows haijatokea, abonyeze F8. Atapata kioo cheusi kisicho na picha. Huko programu nyingi zinakuwa bado zimelala.

Mchana ule Fanuel aliketi mbele ya kompyuta yao na kusoma kilichokuwa kwenye kioo, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Pudensiana alikuwa na daftari.

"Eksi-plora."

"Ipo."

"Si-si-trei."

"Ipo. Endelea."

"Taima."

Akatafuta kwenye daftari, juu mpaka chini. "Haipo kwa Hanna." Akaandika kwa nyekundu.

"Gadi."

"Herufi?"

"G, u, a, r, d."

"Haipo."

Mwishowe majina mekundu yalikuwa matatu: Timer, Guard, na Gate. Matatu tu, kati ya ishirini na kitu. Fanuel aliyatazama kwa muda. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne uso wake ulikuwa na kitu zaidi ya aibu.

"Jaribu kumwua huyo Timer," akasema.

Pudensiana akaiamuru Timer ifunge. Jina likatoka kwenye orodha. Akashusha pumzi, na kabla hajaipandisha tena, jina likawa limerudi. Akaifunga mara ya pili. Likarudi. Akamfunga Guard kwanza. Akarudi pia.

"Zinalindana," akasema Fanuel. Hapo alikuwa kwenye lugha yake. "Ukizima hii, ile inaiwasha. Ukizima ile, hii inaiwasha. Tulikuwa na pampu za namna hiyo. Huzigusi zikizunguka. Lazima uzikute zimesimama."

Ndipo wakatumia F8. Kioo kilikuja cheusi, herufi nyeupe, na mstari mdogo unaopepesa ukisubiri. Hapakuwa na picha hata moja. Pudensiana alijisikia kama amerudi kwenye mashine anayoifahamu. Alikuwa ametafuta mapema folda ambamo faili zile tatu zilikaa, akaandika njia ya kuzifikia kwa herufi kubwa. Akatia disketi, akazinakili zote tatu kwanza.

"Unaziwekea nini?" akauliza Fanuel.

"Sijawahi kutupa karatasi ya mtu kabla sijaweka nakala."

Kisha akazifuta. Moja, mbili, tatu. Kioo hakikulalamika. Akawasha mashine upya, na wote wawili wakavuta viti karibu.

Bendera ya Windows ikaja. Ikaondoka. Ikaja sentensi moja katikati ya kioo, na baada ya hapo hakuna kingine chochote. Pudensiana aliisoma kwa sauti na kuitafsiri: mashine imeshindwa kuipakia Gate, lazima Windows iwekwe upya.

"Windows ya kuweka upya tunayo?"

"Hatuna."

"Fundi mjini?"

"Elfu hamsini. Na wakiweka upya wanafuta kila kitu. Katiba ya Namnyaki, barua za parokia, mitihani ya shule ya msingi, vyote."

Nje lori la ng'ombe lilikuwa likipanda kuelekea Longido, na kishindo chake kilitikisa kioo cha dirisha.

"Alisema itakufa," akasema Fanuel. "Jana ilikuwa laki mbili. Leo ni sanduku la bati."

*

Ijumaa asubuhi Elifuraha, dada mkubwa wa Fanuel, alipita na maziwa ya mgando. Alikuwa ameshasikia. Kijiji kile kilikuwa na barabara moja na masikio mengi.

"Shikamoo, wifi," akasema Pudensiana.

"Marahaba. Pole na maradhi ya mashine." Akaketi kwenye benchi la wateja na kuiangalia kompyuta kama mtu anayeangalia mgonjwa wa kujitakia. "Mimi nilisema. Kwa pesa ile mngepata mitamba wawili wazuri. Mtamba hafi kwa sababu umebonyeza kitufe."

"Anakufa kwa ndigana, wifi."

"Akifa unakula nyama. Hii mtakula nini, waya?"

Fanuel alitoka nje. Mle kichwani Pudensiana alikuwa bado anaisoma ile sentensi ya jana. Alikuwa ameisoma usiku kucha bila kuinuka kitandani. Mashine haikusema kwamba imekufa. Ilisema imemtafuta Gate ikamkosa. Sasa, mtu hamtafuti mtu bila kutumwa. Mahali fulani pameandikwa kwamba asubuhi ukiamka umwite Gate. Yeye alimfukuza Gate, lakini ile karatasi ya kumwita haikufutwa.

"Wifi, nisaidie kukaa na duka," akasema. "Naenda kwa Hanna mara moja."

"Nikae na duka la nini? Mashine imekufa."

"Mtu akija mwambie nimekwenda kufuata dawa."

Shuleni Hanna alitoa kabatini kitabu kinene cha Kiingereza ambacho hakuna aliyekuwa amekifungua tangu kiletwe na mfadhili. Waliketi nacho wakati wanafunzi wako kwenye kipindi. Pudensiana alieleza habari ya karatasi ya kumwita Gate.

"Unaongea kama hakimu," akasema Hanna. "Nani alimtuma, saa ngapi, shahidi nani."

"Tafuta tu."

Walipata jibu ukurasa wa mia tatu na kitu. Kulikuwa na faili moja ya maandishi ya kawaida, si programu, na ndani yake mstari mmoja uliiambia Windows imwamshe nani kwanza. Mtu akitaka mlinda mlango wake awe wa kwanza, hubadilisha mstari huo. Philemoni, au huyo wa Nairobi aliyemuuzia, alikuwa ameubadilisha. Pudensiana alifungua faili hiyohiyo kwenye mashine ya shule na kuinakili yote, mistari arobaini na miwili, ingawa Hanna alimwambia mmoja unatosha.

"Siujui upi umeguswa mpaka nione yote," akasema.

Saa nane mchana waliketi tena, yeye na Fanuel. Elifuraha alikuwa hajaondoka. Alisema anangoja jua lipungue, lakini siku ile hapakuwa na jua, mlima ulikuwa umejifunika tangu asubuhi na ubaridi wa Julai umejaa chumbani. F8. Kioo cheusi. Safari hii Fanuel alishika daftari la shule na Pudensiana akasoma kioo. Walikwenda mstari kwa mstari, na kila mmoja aliposema sawa, mwingine aliweka alama. Mstari wa tano Pudensiana akasoma:

"Shell, alama ya sawasawa, Gate, nukta, exe."

"Hapana," akasema Fanuel. "Hapa imeandikwa Explorer."

"Soma tena."

Akasoma tena, herufi moja moja.

Wakamaliza mistari yote iliyobaki kabla ya kugusa chochote. Ni huo mmoja tu uliotofautiana. Pudensiana akarudi juu, akafuta neno Gate, akachapa Explorer, akahifadhi, akawasha mashine.

Bendera ikaja, ikaondoka, na picha zao zote zikajitokeza mahali pake, na katikati faili ya katiba ya Oldonyo Sambu. Kuwaka kulikuwa kumechukua dakika tatu badala ya saba. Fanuel akatazama saa ya ukutani.

"Saa tisa kasoro dakika kumi," akasema. "Tusiseme kitu mpaka nusu saa ipite."

Waliketi watatu, wanaangalia kioo kana kwamba ni chungu kinachosubiriwa kuchemka. Dakika ya kumi. Dakika ya ishirini. Dakika ya ishirini na mbili umeme ukakatika Ngaramtoni nzima.

"Basi," akasema Elifuraha, akisimama na kuchukua chombo chake cha maziwa. "Hata serikali imechoka kungoja."

Haukurudi siku ile.

*

Umeme ulirudi Jumamosi saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Namnyaki alikuwa ameshaketi. Saa tatu na nusu kamili Pudensiana alianza kuchapa kuanzia kifungu cha tisa. Hakumwambia mteja habari yoyote. Hakuwa na habari ya kumwambia, maana yeye mwenyewe alikuwa hajui.

Saa nne kasoro dakika tano pikapu ikasimama nje. Philemoni aliingia, akasalimia watu wote, hata Pudensiana safari hii.

"Mama, naona unamalizia kazi. Endelea, endelea. Nusu saa yako mimi siikatishi." Akaketi kwenye benchi kando ya Namnyaki. "Mzee, mmeamuaje?"

"Subiri kwanza," akasema Fanuel. "Kuna mteja, tulianza saa tatu na nusu."

Philemoni alikubali. Alieleza, kwa sauti ya upole, jinsi biashara ilivyokuwa ngumu, jinsi zamani ungengoja kibali cha serikali hata kuingiza taa ya mezani, na sasa milango imefunguliwa, kila mtu na akili yake. Alisema yeye pia alianza na mkopo wa baba mkwe. Yote yalikuwa kweli. Pudensiana aliyasikia huku vidole vikienda. Kifungu cha kumi na moja, akiba. Kifungu cha kumi na mbili, mikutano. Hakutazama saa. Fanuel ndiye aliyeitazama kwa ajili yake, na Philemoni pia, kwa sababu yake mwenyewe.

Saa nne kamili Philemoni akanyamaza.

Kifungu cha kumi na tatu, kuvunjwa kwa kikundi. Vidole vilikuwa vimelowa jasho na kuteleza kwenye vitufe, lakini hakuacha, maana aliona kwamba kama itafunga, bora imkute kazini.

Saa nne na dakika sita Philemoni alinyanyuka akaja nyuma ya kiti. "Nani amekupa namba?"

"Sina namba."

"Haiwezekani." Akanyoosha mkono kwenye kibodi.

"Ondoa mkono," akasema Pudensiana. Hakupandisha sauti. "Mteja wangu anangoja."

Namnyaki, ambaye mpaka hapo hakuwa ameelewa jambo lote, alielewa hilo. "Kijana, keti," akasema. "Umenikuta hapa."

Philemoni hakuketi, lakini mkono aliurudisha. "Mmeharibu programu yangu. Ile ni mali. Ina sheria."

Pudensiana alifungua droo akatoa disketi. Juu yake alikuwa amebandika karatasi yenye jina la mwenyewe na tarehe, kama walivyofanya masijala. "Haijaharibika. Faili zako tatu zote zimo humu. Ulisema hukutuuzia, kwa hiyo tunakurudishia. Hesabu kabla hujaondoka."

Kijana aliigeuza disketi mkononi. Kwa kitambo kidogo alionekana mdogo kuliko umri wake, mtu aliyenunua kitu Nairobi kwa dola na kuambiwa hakivunjiki.

"Wenzenu watano wanalipa," akasema hatimaye, na sauti yake sasa haikuwa na upole. "Watano, bila kelele. Ni nyinyi tu mnaojifanya."

"Watano," akasema Pudensiana.

Philemoni alijua papo hapo kwamba hilo lilimponyoka. Akatia disketi mfukoni, akamwambia Fanuel kwaheri mzee, akatoka. Pikapu iligeuzwa kwa shida barabarani ikarudi mjini bila mzigo.

Katiba ilimalizika saa tano kasoro robo. Namnyaki aliisoma ukurasa kwa ukurasa, akalipa shilingi elfu nne na mia tano bila kuomba punguzo, na akasema akina mama wa kijiji cha jirani nao wanatafuta mchapaji.

Alipotoka, Pudensiana hakusimama kwenye kiti. Alifungua ukurasa mtupu.

"Unawajua hao watano?" akauliza.

"Namjua mmoja," akasema Fanuel. "Yuko Kikwe, anachapia ushirika wa kahawa. Tulipakia mashine siku moja. Yeye atawajua wengine."

Akaanza kuchapa kwa Kiswahili, hatua ya kwanza mpaka ya kumi na moja: vitufe gani, kioo kipi, faili zipi. Kwenye hatua ya saba aliandika kwamba mstari urekebishwe kabla ya kufuta Gate, na kwamba yeye alifanya kinyume, akapoteza siku nzima na kumtia mumewe hofu. Fanuel aliyasoma hayo juu ya bega lake.

"Tuwatoze?"

"Mia tano. Ni ukurasa mmoja."

"Nauli tu ya Kikwe inazidi hapo."

"Nauli itatoka kwenye hii elfu nne na mia tano. Nenda leo. Jumatatu Philemoni atakuwa ameshafika kwao."

Miaka kumi na minne kiwandani jina lake lilikuwa herufi mbili ndogo kwenye kona ya barua zilizosainiwa na wengine, kiasi cha kumjulisha bosi ni mchapaji gani wa kukaripiwa. Sasa alishuka mistari miwili chini ya hatua ya kumi na moja, akachapa PUDENSIANA TARIMO, MCHAPAJI, NGARAMTONI, BARABARA YA NAMANGA, na chini yake namba ya sanduku la posta.

"Karatasi hii itafika mikononi mwa Philemoni," akasema Fanuel.

"Najua," akasema Pudensiana, akaagiza nakala tano, na mashine ya kuchapisha ikaanza kuvuta karatasi.